Pale Hapakaliki: Tumwambie Anayetafuta Kazi, au Tunyamaze?

Umefanya kazi mahali, pakakushinda, ukaacha. Miezi michache baadaye unaliona tangazo la nafasi ileile, na mdogo wa rafiki yako anakutumia ujumbe: "Dada, nimeitwa usaili pale ulipokuwa. Pakoje?" Unamjibu nini?

Nimesikia swali hili likibishaniwa misibani, kwenye daladala na kwenye viti vya kusubiria huduma, na sijawahi kusikia upande usio na hoja. Ndiyo maana sikutaka kuliandikia makala ya sauti moja. Nimezikutanisha hapa sauti nne ambazo msomaji atazitambua. Yupo dada aliyekuwa karani wa hesabu katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa Dar es Salaam. Yupo kijana aliyesomea ugavi, kwao Kasulu, amepanga chumba Mbagala na anatafuta kazi. Yupo mama anayeongoza idara ya rasilimali watu katika kampuni nyingine kabisa. Na yupo mzee aliyekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani Morogoro. Majina ya watu na ya kampuni nimeyaweka kando. Msimamo wangu sitauficha; nitaingia ninapoona lazima.

DADA: Mimi nasema aambiwe, tena kabla hajatoa nauli ya kwenda kwenye usaili. Pale hapakaliki. Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi tunasimamishwa stoo, meneja anasoma majina. Hasomi mauzo tu. Anasoma nani alichelewa, nani aliomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki, nani eti anajifanya mgonjwa. Mtu mzima mwenye familia anafokewa mbele ya wapakiaji mpaka anainamisha kichwa. Mshahara hauna tarehe. Mwezi huu unaingia tarehe 28, mwezi ujao unaingia nusu tarehe 11, na ukiulizia nusu iliyobaki unaambiwa huna uvumilivu. Mtu akiniuliza pakoje, nimwambie pazuri?

KIJANA: Dada, pole sana, na nisikilize bila kuona nakukosea adabu. Ulikaa pale zaidi ya miaka miwili. Kodi ya nyumba ulilipa kwa hela ya nani? Ada ya mtoto ilitoka wapi? Mimi tangu nimalize chuo nimesimamia duka la simu bila mkataba, nimebeba mizigo Kariakoo, nimetuma maombi mpaka nimeacha kuyahesabu. Leo nimeitwa sehemu moja tu, hapohapo ulipokuwa, na wewe unaniambia usiende. Niende wapi, sasa? Unanipa tahadhari, hunipi kazi.

Hapo pana uzito, na nataka tukae hapo kidogo. Wengi wanaotoa tahadhari wameshavuka mto. Wana uzoefu wa kuandika kwenye wasifu, wana akiba ndogo, wana mume au ndugu wa kuwashikia kwa miezi miwili. Wanamshauri asiye na chochote kati ya hivyo, wanashangaa hasikii. Kijana anayesema njaa haichagui si mjinga wala mkaidi. Amefanya hesabu yake, na hesabu yake ina ukweli.

MZEE: Mwanangu, hesabu yako naielewa. Lakini umeifanya kwa upande mmoja, wa kuingia. Gharama ya kutoka umeiacha. Nimeona vijana wameingia mahali kwa furaha, wakatoka na deni la mwajiri, hawana hata barua ya kuonyesha walifanya kazi. Mwaka mzima umekwenda, na kwenye wasifu huwezi kuuandika kwa sababu ukiuandika watampigia simu yule yule aliyekutesa.

MAMA: Naomba na mimi niseme, kwa sababu hapa ndiye nitakayeonekana adui. Nimeajiri watu, nimeachisha watu. Sijawahi kumwona aliyeachishwa kazi akasema bosi wake alikuwa na haki. Mdogo wangu hapa simwiti mwongo. Ila neno la mtu mmoja mwenye uchungu linasafiri haraka, na likifika kwa mtu wa kumi limeshaota pembe. Kampuni ya watu 80 inaitwa jehanamu kwa sababu ya msimamizi mmoja, ambaye pengine ameshahamishwa. Na jambo la pili: huyo mnayemwita mbaya mara nyingi hakufundishwa. Alikuwa muuzaji hodari, akapandishwa kuwa meneja kama zawadi. Hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha namna ya kumwonya mtu bila kumdhalilisha, wala namna ya kupanga zamu. Akapewa lengo la mauzo na gari. Juu yake wanamfokea yeye kwa simu, naye anashusha chini.

DADA: Sasa mama, hiyo ndiyo sababu ya sisi kunyamaza?

MAMA: Hapana. Ni sababu ya kusema kwa uangalifu. Uongozi mbovu na ukatili havifanani, na anayetafuta kazi ana haki ya kujua anakwenda kukutana na kipi. Mahali penye fujo ya uongozi mtu anaweza kukaa, akajifunza kazi, akaondoka salama. Mahali ambapo wanakula mshahara wa watu kwa makusudi, hapana.

Mama huyu amesema jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi tunapokuwa na hasira. Bosi anayetaka ripoti saa mbili kamili na anakasirika usipoileta ni mkali. Bosi anayekuambia ripoti ni saa nane, kisha saa sita anakudhalilisha mbele ya wenzako kwa kuchelewa, ni mwonevu. Wote wawili wanaacha watu wamechoka jioni, na wote wawili tunawasema kwa maneno yaleyale. Ndiyo maana nilimwomba dada aache kueleza alivyojisikia, atueleze tukio moja kama lilivyotokea. Alieleza hili.

DADA: Kulikuwa na mtunza stoo. Siku moja ndoo za mafuta ya kula za lita 20 zilishushwa vibaya kwenye gari, tatu zikapasuka. Yeye hakuwa kwenye gari, alikuwa ndani anaandika mzigo ulioingia. Jioni akaitwa, akapewa karatasi imechapwa: mimi fulani nakiri kusababisha hasara ya shilingi, halafu pana mstari mtupu, na nakubali ikatwe kwenye mshahara wangu. Kiasi hakikuandikwa. Akauliza, bosi, nasaini kiasi gani? Akajibiwa, saini kwanza, hesabu watajaza watu wa hesabu. Mtu wa hesabu ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale na kalamu. Mwezi ule alichukua nyumbani chini ya nusu ya mshahara wake, na mwezi uliofuata vilevile.

MZEE: Hilo sasa lina miguu ya kusimamia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ile ya mwaka 2004, imelisema wazi. Mwajiri akitaka kukata mshahara kwa hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Lazima amweleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi na namna kilivyopatikana. Lazima ampe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara. Karatasi yenye mstari mtupu imevunja karibu kila kitu hapo. Ukimsimulia kijana tukio hili, humwambii "bosi ana roho mbaya". Unamwambia jambo analoweza kulipima.

KIJANA: Mzee, hilo hata mimi nimelisikia vizuri kuliko yote. Dada, ungeniambia hivyo tangu mwanzo.

Na mimi nasimama hapo. Tahadhari inayomfaa mtafuta kazi ni ile yenye tarehe, kiasi na utaratibu. "Wanachelewesha mshahara" haimsaidii, kwa kuwa nusu ya mji wanachelewesha. "Mwezi wa sita tulilipwa nusu tarehe 11, nusu nyingine tarehe 27, wa saba vivyo hivyo" inamsaidia, kwa sababu atajua aweke akiba ya kodi kiasi gani, au kama hana akiba, aombe nini kabla ya kusaini. "Pale hawakai watu" haimsaidii sana. "Waliokuwa wanne kwenye idara ya hesabu wameondoka watatu ndani ya mwaka mmoja, na mkuu wa idara ni yuleyule" inamsaidia. Matusi, umbea wa nani ana uhusiano na nani, na kabila la bosi, hayo hayana kazi yoyote, na yanampa mwajiri mbovu mlango wa kusema mnamchukia tu.

Kuna jambo moja dada alikuwa amelipita haraka, nikamrudisha. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

DADA: Kwenye salari slipu ilikuwa inakatwa kila mwezi, asilimia 10 yangu. Nilipoacha nikaenda kuangalia taarifa yangu. Kuna miezi haipo kabisa. Si ya kwangu iliyokatwa wala ya mwajiri.

MZEE: Jumla inatakiwa ifike asilimia 20 ya mshahara. Hiyo uliyokatwa ilikuwa hela yako, imetoka mfukoni mwako, haikufika. Na hili, mwanangu, ndilo la kuangalia mapema. Usingoje uache kazi. Mwezi wa tatu tu baada ya kuanza, chukua namba yako ya uanachama uangalie. Mwajiri asiyepeleka michango ya watu leo, kesho atashindwa na mshahara. Nilivyoona mimi, mara nyingi inaanzia huko.

MAMA: Naliunga mkono hilo, na nasema kama mtu wa utumishi. Kampuni ikianza kuyumba, michango ndiyo ya kwanza kusogezwa mbele, kwa sababu mfanyakazi haioni. Mshahara ukichelewa siku moja watu wanapiga kelele.

Tukafika kwenye usaili wenyewe. Kijana alikuwa na hofu ambayo kila aliyekaa upande ule wa meza anaijua.

KIJANA: Mnasema niulize. Nikiuliza mshahara unaingia tarehe ngapi wataniona mjuaji. Nje wapo 30 wanasubiri, wasiouliza kitu. Nani atanichukua mimi?

MAMA: Inategemea unauliza lini na unaulizaje. Ukianza na mshahara kabla hujasema unaweza kazi gani, kweli nitakuweka pembeni. Mwishoni, ninapokuuliza kama una swali, uliza kama mtu anayejiandaa kuanza Jumatatu. "Aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa?" Swali la kawaida kabisa. Kama alipanda cheo, nitakuambia kwa furaha. Kama aliacha, mwajiri mwenye akili timamu atasema aliacha, alipata pengine. Ukiona wanatazamana, au wanaanza kumsema vibaya mtu ambaye hayupo, umepata jibu. Halafu, "Nitakuwa ninaripoti kwa nani, na naweza kumsalimia kabla ya kuondoka?" Mimi sijawahi kumkataa mtu kwa maswali hayo. Na nasema ukweli, ofisi itakayokukataa kwa kuuliza nani bosi wako imekuonea huruma bila kujua.

MZEE: Ongeza na la mkataba. Sheria inataka mfanyakazi apewe maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mkataba ni wa aina gani na wa muda gani, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na unavyokokotolewa. Na ina jambo zuri ambalo vijana hawalijui. Kukiwa na kesi na mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Kwa hiyo anayekuambia "anza tu, mkataba utafuata" anajiweka pabaya kisheria, lakini wewe ndiye utakayesumbuka kwanza. Tunza kila kitu. Ujumbe wa simu wa kukuita usaili, ule wa kukuambia mshahara, picha ya kitambulisho chako cha kazi, picha ya daftari la mahudhurio lenye saini yako.

MAMA: Picha ya kitambulisho chake sawa. Nyaraka za siri za kampuni asipige.

MZEE: Nyaraka za siri asiguse, nakubali. Zake mwenyewe. Na mwanangu, angalia ukutani. Mwajiri anatakiwa abandike mahali panapoonekana maelezo ya haki za wafanyakazi. Ukienda usaili ukaona ukuta umejaa picha za bosi akipokea tuzo na karatasi hiyo haipo, hujapata ushahidi wa kosa lolote kubwa, ila umejua wanachokithamini.

Kuhusu saa, mzee alikuwa na namba kichwani na alizitaja bila kusita: saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, siku 6; za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Likizo ya mwaka siku 28 mfululizo, uzazi siku 84. Kijana aliziandika nyuma ya bahasha ya vyeti vyake. Dada alicheka kwa uchungu kidogo, akasema kwao neno la saa za ziada lilitajwa pale tu mtu alipokataa kuzifanya.

Kisha mzee akaleta jambo ambalo lilimbadilisha kijana uso.

MZEE: Ile miezi sita ya kwanza uwe macho. Kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyetumikia mwajiri chini ya miezi sita. Wapo waajiri wanaoijua hiyo kuliko wanavyojua bidhaa zao. Wanachukua mtu, wanamtumia miezi mitano, wanamwambia majaribio hayakwenda vizuri, wanatangaza nafasi tena. Ndiyo maana tangazo linalorudi rudi ndani ya mwaka mmoja ni la kuuliza.

KIJANA: Hili hamkuniambia chuoni.

MZEE: Hawakukuambia. Na ungekuwa na mjomba anayefanya kazi mjini, angekuambia jikoni kwake.

Hapa tulifika kwenye kiini cha mambo, ninavyoona mimi. Kila mtu mezani alikuwa anabishana kama tuseme au tunyamaze, na ukweli ni kwamba hatunyamazi. Tunasema kila siku. Tunamwambia mdogo wetu, tunamwambia mtoto wa shangazi, tunaandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu. Ofisi mbovu za Dar es Salaam, Mwanza na Arusha zinajulikana, zina majina ya utani. Ila neno hilo linapita kwa undugu na ujirani, na asiye na mtu mjini halimfikii. Aliyetoka Kasulu akashukia Mbezi na begi moja ndiye anayeingia kwenye shimo ambalo wenyeji wote wanalizunguka. Waajiri wabovu wanalijua hilo, na ndiyo maana hawapungukiwi watu. Nikisikia mtu anasema "mimi nilimwambia mdogo wangu tu, inatosha," nakasirika. Haitoshi.

MAMA: Sasa unataka afanye nini? Aandike mtandaoni na jina la kampuni? Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Akishindwa kuthibitisha neno moja, yeye ndiye atakayekuwa anaripoti polisi, si meneja wake. Na mwajiri mpya akimtafuta jina atakuta ugomvi. Mimi mwenyewe, nikiri mbele yenu, nikimwona mwombaji anamtukana mwajiri wake wa zamani hadharani, namweka pembeni, hata kama ana haki. Naogopa nitakuwa wa pili.

DADA: Mama, ndiyo maana wanaendelea. Wanajua ninyi mtatunyima kazi tukisema.

Kulikuwa na kimya kidogo baada ya hapo. Mama hakulipinga neno hilo, na namheshimu kwa kutolipinga.

Mfano mkubwa wa eneo letu juu ya jambo hili uko Nairobi. Kampuni ya Sama iliajiri vijana, wengine wakitoka nchi nyingine za Afrika, kuchuja maudhui ya Facebook kwa niaba ya Meta: mauaji, ubakaji, watu waliokatwa vichwa, siku baada ya siku. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefika Nairobi mwaka 2019, aliwakusanya wenzake kudai mazingira bora akaachishwa kazi. Februari 2022 jarida la TIME lilitoa habari hizo, na Mei mwaka huohuo akafungua kesi Nairobi. Miongoni mwa madai yake ni kwamba watu hawakuelezwa sawasawa, kabla hawajasaini, kazi hiyo ilikuwa ni ya namna gani. Kampuni zote mbili zilipinga madai hayo. Mwaka 2023 wachujaji wengine zaidi ya 180 walifungua kesi yao, na tarehe 1 Mei mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushtakiwa nchini humo.

Nimeutaja mfano huo kwa sababu moja. Kabla ya yote hayo, wapo waliokuwa wanajua, na walijua kwa kunong'onezana. Kijana aliyekuwa Kampala au Johannesburg anasoma tangazo la kazi hakuwa na wa kumnong'oneza. Jambo lilipoingia mahakamani na gazetini ndipo tahadhari ikawa mali ya kila mtu.

MZEE: Ndiyo ninachotaka kusema. Kuna njia za kusema ambazo hazimwachi mtu uchi. Afisa kazi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 81 wa mwaka 1947 unamtaka mkaguzi afiche kabisa chanzo cha malalamiko. Nimewahi kupeleka malalamiko ya watu 12, akaja kama ukaguzi wa kawaida, hakuna aliyejua nani alisema. Si kila afisa kazi ni mwepisi, hilo najua. Wengine unawafuata mara nne. Lakini ipo.

MAMA: Na ipo nyingine ambayo waombaji kazi hawaitumii, nami huitumia ninapotafuta kazi mimi mwenyewe. Mgogoro ukishatoka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukaenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, hukumu nyingi zinawekwa TanzLII, zinasomeka bure. Andika jina la kampuni utafute. Usikimbie kwa kuona kesi moja, kila kampuni kubwa ina kesi. Soma nani alishinda na kwa nini. Ukikuta hukumu nne, na katika zote nne mtu aliachishwa bila hata kuitwa kusikilizwa, umeshajua utaratibu wao. Hapo hakuna atakayesema ni umbea.

KIJANA: Kwa simu hii yangu nafungua?

MAMA: Kwa simu hiyohiyo.

Dada alikuwa amenyamaza muda wote huo. Alipozungumza hakumgeukia kijana, alimgeukia mzee.

DADA: Mzee, mimi niliacha mwenyewe. Niliandika barua nikaondoka. Sikufukuzwa, kwa hiyo sina kesi. Si ndivyo?

MZEE: Nani alikuambia? Sheria inasema mfanyakazi akiacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Ni kazi yako kuonyesha kwamba haikuvumilika, na si rahisi. Ungetakiwa kwenda Tume ndani ya siku 30. Madai mengine, kama ya mishahara, siku 60. Umeacha lini?

DADA: Miezi mitano iliyopita.

MZEE: Umechelewa. Unaweza kuomba uruhusiwe kufungua nje ya muda, lakini watakuuliza kwa nini ulichelewa, na kusema uliogopa peke yake sidhani kama kutakufikisha mbali. Sitakudanganya.

MAMA: Barua yako ya kuacha uliandika nini, mdogo wangu?

DADA: Niliandika "sababu binafsi". Nikawashukuru kwa ushirikiano.

MAMA: Wote mnaandika hivyo. Mezani kwangu zimejaa. Natamani siku moja mtu aandike ukweli kwa adabu: naacha kwa sababu mishahara ya mwezi wa sita na wa saba imelipwa kwa vipande, na nimelalamika tarehe fulani sijajibiwa. Hiyo barua ingekuwa na maana mbele ya Tume. Sababu binafsi haina.

Kijana aliandika na hilo nyuma ya bahasha. Niliona amelipigia mstari.

MZEE: Lakini lile la NSSF halijafa, binti yangu. Deni la michango halifutiki kwa wewe kuacha kazi. NSSF ndiyo inayomdai mwajiri. Nenda na salari slipu zako zinazoonyesha makato na taarifa inayoonyesha miezi mitupu. Yule mtunza stoo naye mwite, na yeyote aliyekwisha kuondoka. Mkienda watano ukaguzi utakuja kwa kampuni nzima, na waliobaki ndani watafaidi.

DADA: Salari slipu ninazo zote. Nilizitunza kwenye faili la ada za mtoto.

KIJANA: Dada, na mimi usaili wangu nitakwenda. Nisamehe, nitakwenda. Nitauliza aliyekuwepo kabla yangu yuko wapi, na sitaanza bila karatasi ya kazi yangu na mshahara wangu. Wakinipa ya kusaini yenye mstari mtupu sisaini, hata ikiwa siku ya kwanza.

DADA: Ukiwauliza aliyekuwepo yuko wapi, watanitaja kama mtu aliyeshindwa kazi. Usinitetee. Nyamaza, sikiliza wanavyosema.

MAMA: Na ukishapata jibu, mpigie dada simu kabla hujasaini.